Fundi Akikosa, Je, Aaminiwe Tena?

Ndugu zetu hutuuliza mara nyingi mas-ala ya amana katika mirathi na katika mali ya mayatima. Ni wachache wanaouliza khabari ya amana tunayoiweka kila siku mikononi mwa mafundi wetu, wa nguo, wa saa na wa gari. Leo nataka kuieleza kwa kisa kilichonipata mwenyewe, na msomaji ataona kuwa hukumu niliyodhani ni ya mwenzangu ilikuwa ni yangu.

Nilimpelekea gari fundi mmoja wa mtaani kwetu hapa Mombasa, ambaye amenitengenezea kwa miaka mingi, amwage oili kuukuu, atie mpya na abadilishe filta. Kesho yake nikashika njia ya Malindi. Kabla sijafika Mtwapa taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikasimama papo hapo, nikazima mashine, na nilipoinama niliona oili yatiririka barabarani.

Nilimpigia simu fundi, akaja. Alipoifungua filta alikuta mipira miwili. Ule wa filta ya zamani ulikuwa umeganda kwenye mashine, naye alifunga filta mpya juu yake pasi na kuutazama. Mipira miwili haikai sawasawa pamoja. Oili ikipata nguvu hupenya katikati. Lau ningaliendelea na safari, mashine ingalikufa.

Mpita njia mmoja akasema, "Kadari ya Mungu hiyo." Fundi akamjibu, "Mungu hakunizuia kutazama." Kisha akanigeukia, "Shekhe, kosa ni langu." Akanunua oili na filta kwa pesa zake, akaifunga, akaisikiliza mashine, na ujira akaukataa.

Hapana shaka kuwa alitenda lililompasa. Kila jambo lina kadari yake, lakini kadari haikuwekwa iwe mlango wa kukimbilia madeni. Al-Rabi', mwanafunzi wa Imamu Shafii, ameeleza kuwa aonavyo yeye, Imamu alielekea kuwa fundi hana dhamana ila kwa lile lililoharibiwa na mkono wake, na kwamba hakupenda kulitangaza jambo hilo kwa kuchelea mali za watu zisipotee. Basi fundi aliyeacha kutazama lililompasa kutazama, kosa ni la mkono wake na dhamana ni juu yake. Na mwenye gari kuidai haki hiyo si kumdhania mwenzake vibaya.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Usiku ule, baada ya sala ya isha, nilikaa barazani nikakisimulia. Nilimtaja fundi kwa jina. Nilieleza taa ilivyowaka na oili ilivyomwagika; ama khabari ya kukiri kwake na kulipa kwake, niliipitia kwa neno moja tu, kwani kisa kilikuwa kitamu zaidi bila ya hiyo. Baada ya wiki mbili nilipita kwake, nikamkuta ameketi juu ya ndoo, hana gari hata moja mbele yake. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Shekhe, gari lako laendaje?"

Nilirudi nyumbani nikijitafutia udhuru. Nilikumbuka kuwa Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladi, ametaja sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa aibu yake, na mojawapo ni kuwahadharisha Waislamu na madhara. Nikasema nafsini mwangu, "Mimi nilihadharisha." Lakini anayehadharisha husema kwa kadiri ya haja, wala hakati khabari nusu. Mimi nilitaka kuchekesha baraza.

Twajua sote kisa cha Mtume, sala na salamu zimshukie, alipotia mkono katika chungu ya chakula sokoni akakuta unyevu ndani yake. Muuzaji alisema ni mvua. Mtume akamwambia kwa nini asiuweke juu watu wauone. Mvua haikuwa kosa la mtu yule. Kosa lake ni kuficha. Fundi wangu aliuweka unyevu wake juu, mbele ya macho yangu na ya mpita njia. Mimi niliigeuza chungu ile: unyevu nikauweka juu, nafaka kavu nikaifukia chini. Na hiyo pia ni ghushi.

Sasa, fundi akikosa, aaminiwe tena? Tazama mambo matatu. Je, amekiri kabla ya kulazimishwa? Je, amelipa kilichoharibika? Je, amebadilisha kazi yake? Asiyekuwa na haya, mwache, wala hukumdhulumu, kwani kuaminiwa si sadaka. Mwenye nayo, mrudie, kwani huyo ameijua njia ambayo kosa hupitia. Fundi huyu tangu siku ile humwonyesha mwenye gari filta ya zamani na mpira wake, ndipo afunge mpya.

Nami nilirudi barazani, kwa watu wale wale, nikawasimulia nusu niliyoifukia, na nikakiri kuwa nimemdhulumu. Kisha nikaenda kumtaka radhi, na gari nikampelekea mchana, watu wakiona. Baadhi ya wateja wake wamerudi, na wengine hawajarudi mpaka leo. Oili aliyoimwaga yeye ilirudishwa kwa saa moja. Niliyoyamwaga mimi bado nayakusanya.

Basi ndugu zangu, tudai haki zetu waziwazi kwa wanaotudhamini, na tukishalipwa, tuzichunge ndimi zetu, kwani nazo zina dhamana. Wabillahi taufiki.