Rizki ya Paka na Sumu Yetu

Katika hadithi iliyopokewa na Ibn Umar, nayo imo katika Bukhari na Muslim, mwanamke mmoja aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vijidudu vya ardhini. Wengi huielewa kama ruhusa, kwamba ukishamfungulia paka mlango dhima imekwisha, rizki yake iko kwa Mola. Naona huko ni kuishika nusu. Kumwachia kulitosha badala ya kumlisha kwa kuwa huko nje kulikuwa na chakula. Leo huko nje tumetandaza sumu.

Sumu nyingi za panya, brodifakumu ikiwemo, huzuia damu isigande kwa kuuvurugia mwili matumizi ya vitamini K. Panya hafi papo hapo. Hukaa siku kadhaa akiendelea kula, sumu ikimjaa ini, mpaka analegea na kujikokota mchana kweupe kando ya ukuta. Hakuna panya mwepesi kukamatwa kama huyo. Paka akimla, hasa akirudia, naye aweza kuvuja damu kwa ndani: ufizi unapauka, pumzi inakuwa nzito, anajificha uvunguni, na watu wa nyumbani hudhani ana homa tu.

Mtu atasema windo lilikuwa na hatari tangu zamani. Ni kweli. Kuna tegu wa paka anayekulia kwanza katika ini la panya, na kimelea cha toksoplasma humwingia paka kwa nyama hiyohiyo. Lakini hatari ya maumbile haina wa kuulizwa miongoni mwetu. Iliyotiwa na mkono wa mtu ina mwenyewe. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumzuia paka ndani asiifikie sumu ndiko kurudia kosa la yule mwanamke. Yeye alimfungia na kumnyima chakula. Anayemlisha hayumo humo. Hata hivyo sidai wote wafungiwe: Lamu na Unguja paka wengi hawana hata mwenyewe. Na chakula hakimalizi uwindaji. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kuwa chakula chenye nyama nyingi kilipunguza mawindo yaliyoletwa nyumbani kwa asilimia 36. Yaliyobaki yaliendelea kuletwa. Basi dhima inamfuata pia jirani asiyefuga paka, maana paka hajui mpaka wa ua. Atumie mtego, afunike unga na taka. Akilazimika kuweka sumu, aokote mizoga na kuifukia kwa kina. Na paka akionekana amelegea, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwani vitamini K ikiwahi huweza kumwokoa.