Kofia Haimfanyi Mtawa. Sasa Inafanya Nini?



Kuna methali ya zamani ya Kilatini: cucullus non facit monachum. Yaani, kofia haimfanyi mtu kuwa mtawa. Huku nyumbani Mamba, kwenye milima ya Upare, wilaya ya Same, wachache wameisikia kwa Kilatini, ila maana yake wanaijua vizuri. Sisi Wakatoliki tunaishi hapa na majirani zetu Waadventista Wasabato, ambao wamisionari wao walifika Giti, Mamba, mwaka 1903 wakaanzisha kazi yao ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Ni watu wanaosoma Biblia, na ukipita na kanzu hawakuzungushi. Wazee huniuliza, "Frateri, mwanangu, kwani nguo hizo zinampeleka mtu mbinguni?"

Jibu fupi ni hapana. Lakini jibu fupi halitoshi, maana likiishia hapo linaleta swali jingine: kama nguo haifanyi kitu, kwa nini Kanisa linaendelea kuwavisha watu?

Hebu tuanze na neno lenyewe. Kofia ninayosema hapa si balaghashia wala pama. Ni ile iliyoshonwa pamoja na vazi, inaning'inia mgongoni, na ukitaka unaivuta kichwani. Kwa Kilatini iliitwa cucullus, na vazi la mtawa lenye kofia hiyo likaja kuitwa cuculla (tamka kukula, ila haihusiani na msosi). Kabla watawa hawajaivaa, ilikuwa nguo ya watu wa kawaida: mkulima, mchungaji, msafiri anayekimbia mvua. Warumi walilitumia neno hilohilo hata kwa karatasi iliyokunjwa kama pia ya kufungia bidhaa. Mshairi Martialis, karne ya 1, anatania kwamba mashairi mabaya huishia kuwa cucullus ya kufungia pilipili au ubani. Ukinunua karanga stendi zikiwa kwenye kikaratasi kilichosokotwa, umeshika cucullus mkononi.

Watawa walipoichukua, hawakuichukua kwa sababu ni ya fahari. Mtakatifu Yohane Kasiani, akieleza maisha ya watawa wa Misri mwanzoni mwa karne ya 5, anasema walivaa kofia ndogo usiku na mchana kwa sababu zilifanana na za watoto wadogo, ili wakumbuke kubaki na moyo mnyofu wa mtoto. Mtakatifu Benedikto, karne ya 6, katika sura ya 55 ya Kanuni yake, anaagiza mavazi yafuate hali ya hewa: penye baridi nguo iwe nzito, penye joto iwe nyepesi. Watawa wasilalamikie rangi wala ugumu wa kitambaa, watumie kinachopatikana kwa bei nafuu mahali walipo. Mtu wa Mamba anaelewa haraka. Asubuhi ukungu umeshuka, watu wanakwenda kwenye mashamba ya tangawizi, na kila mwenye sweta la kofia ameshalivuta mpaka kwenye nyusi. Benedikto angewaona angesema hiyo ndiyo cuculla yenyewe.

Baadaye neno likasafiri. Wafransisko fulani wa Italia walitaka kurudia umaskini wa Mtakatifu Fransisko, wakavaa kofia ndefu yenye ncha, kwa Kiitaliano cappuccio. Watu wakawaita kwa kofia yao: Wakapuchini. Papa Klementi VII aliwaruhusu rasmi mwaka 1528. Kwetu Tanzania Wakapuchini kutoka Uswisi walikuja Dar es Salaam mwaka 1921, na Askofu Mkuu Yuda Thadei Ruwa'ichi ni wa shirika hilo. Kahawa ya kapuchino nayo ilipata jina kwa sababu rangi yake inafanana na kanzu yao. Hata lile pindo la rangi linaloning'inia mgongoni juu ya joho siku ya mahafali ni mjukuu wa kofia za makleri wa vyuo vikuu vya kale. Nimelivaa mimi mwenyewe nilipomaliza falsafa, na nakuhakikishia halikuniongezea akili hata chembe.

Neno hilo lina upande wa giza pia. Huko Ulaya kuna mmea wa milimani uitwao Aconitum. Ua lake la zambarau limeumbika kama kofia hiyo, na Waingereza wameupa mmea jina la kofia ya mtawa. Ni mzuri kuutazama, na ni sumu kali. Wahenga wetu walishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa hiyo kofia moja inafunika mtoto mnyofu, mkulima mwenye baridi, msomi, na sumu. Hapo ndipo methali inapopata nguvu yake. Lakini hapohapo ndipo tunapoitumia vibaya.

Mimi ni frateri wa jimbo, kanzu yangu haina kofia. Nikipanda gari la kushuka Same nimevaa kanzu, mzee aliyenizidi miaka hamsini anataka kuninyanyukia anipe kiti. Nikipanda gari hilohilo wiki inayofuata na sweta langu jeusi, kofia kichwani kwa sababu ya baridi, mama wa kiti cha pembeni anavuta mkoba wake upande wa pili. Moyo uliomo ndani ni uleule. Yule mzee amenipa sifa ambayo sijaifanyia kazi, na yule mama amenipa kosa ambalo sijalitenda. Simlaumu yeyote, maana wote wawili wamesoma nguo kama tunavyosoma sote. Ila jamani, kusoma huku kunaweza kuua. Tarehe 26 Februari 2012, huko Sanford, Florida, Trayvon Martin, kijana wa miaka 17 asiye na silaha, aliyekuwa amevaa sweta la kofia, alipigwa risasi akafa baada ya mlinzi wa kujitolea wa mtaa kumtilia shaka. Na sisi tunaojua jinsi kelele za "mwizi!" zinavyokusanya mawe kwa dakika mbili tusijifanye hayo ni ya Marekani tu.

Shakespeare aliliona jambo hili. Katika tamthilia yake Measure for Measure kuna mtu anaitwa Lucio, mropokaji. Mbele ya watu anaitamka methali yetu kwa Kilatini kumshutumu mtawa mmoja kuwa ni mnafiki, na baadaye mtawa huyo akiwa amejifunika mbele yake, anaivuta ile kofia. Chini yake yumo mtawala wa mji, yuleyule ambaye Lucio amekuwa akimsengenya. Jina la tamthilia linatukumbusha maneno ya Yesu katika Mathayo sura ya 7, kuhusu kipimo tunachowapimia wengine. Lucio alisema methali ya kweli, akaielekeza kwa mtu asiye yeye.

Hapo ndipo ninaposimama. Methali hii ni ya kujisemea mwenyewe. Ukiielekeza kwa padre, kwa sista, kwa mwanakwaya, kwa kijana wa bodaboda, unakuwa umekalia kiti cha Mungu, maana ni yeye peke yake anayeona chini ya kofia. Ukijielekezea mwenyewe inakuwa sala: Bwana, nimevaa, lakini bado sijawa.

Basi kofia inafanya nini? Wanafalsafa wananisaidia hapa. Kwa Kilatini neno habitus lina maana ya vazi, na lina maana ya tabia iliyokita mizizi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anazitenganisha maana hizo mbili kwa makini, na ni sawa azitenganishe, kwa sababu vazi unalivaa asubuhi moja ilhali tabia inatokana na matendo yanayorudiwa, kama alivyofundisha Aristotle. Lakini tazama jinsi zinavyosaidiana. Vazi halinipi uvumilivu. Linanidai uvumilivu. Nikiwa nimelivaa na mtu akanitukana barabarani, nalazimika kuchagua: nijibu kama nilivyo, au kama nilivyoahidi kuwa? Nikichagua la pili mara moja, bado mimi ni yuleyule. Nikilichagua mara elfu, kwa neema ya Mungu, kitu ndani kimeanza kubadilika. Anayevaa akijua hajafika, na anajitahidi, si mnafiki. Mnafiki ni yule aliyevaa ili asidaiwe tena.

Nawe una kofia yako, hata kama hujawahi kuota utawa. Ulipobatizwa ulivikwa vazi jeupe. Una rozari shingoni, una skafu ya VIWAWA, una picha ya Moyo Mtakatifu kwenye profaili. Usivivue kwa sababu eti bado una dhambi. Viache vikudai.

Na leo usiku jaribu jambo dogo. Yesu alisema ukisali uingie chumbani, ufunge mlango. Wengine hatuna chumba cha peke yetu, tunalala watatu. Vuta kofia ya sweta lako kichwani, simu weka pembeni, kaa kimya na Baba anayeona sirini kwa dakika tano. Kesho ukikutana na kijana aliyejifunika kofia njiani, mpe salamu kabla hujamhukumu.

Mtakatifu Benedikto na Mtakatifu Fransisko, mtuombee. Mungu akubariki.