TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Mizani ya Hospitali na Mizani ya Akhera



Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya tarawehe nilipata ujumbe kutoka kwa mmoja wenu. Aliuliza hivi: "Sheikh, mtu aliyepasuliwa akakatwa tumbo hasikii njaa kama sisi. Je, saumu yake ni saumu kweli?"

Hakutaja jina, lakini mimi na yeye tunajua swali linamhusu nani. Mmeniona nimepungua. Wengine mlidhani kisukari kimenizidi, wengine mkasema mambo ambayo sitayaandika hapa. Leo nitajibu, ila siwezi kujibu bila kuanza na kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika darsa la baada ya Alasiri, nilizungumzia ulafi. Nilitaja ile hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, ya mtu mkubwa mnene atakayekuja Siku ya Kiyama asiwe na uzito hata wa bawa la mbu. Nikaisoma kwa mzaha, nikaongeza maneno yangu kuhusu akina mama na chapati za futari. Watu walicheka sana. Sikuwaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) aliiunganisha hadithi ile na aya ya 105 ya Suratul Kahf, inayowahusu waliozikataa ishara za Mola wao, matendo yao yakapotea bure. Hadithi inasema ukubwa wa mwili haumwokoi mtu mbele ya Allah. Mimi niliigeuza fimbo ya kuwachapa wanene.

Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa nimeshanenepa. Lakini mnajua kwetu ilivyo: mwanamume akinenepa tunasema pesa imemkubali, mwanamke akinenepa tunasema ni mlafi. Nyuma ya pazia alikuwepo mama mmoja mwenye mwili mkubwa. Tangu siku ile hakuja darsani tena. Alimtuma mke wangu ujumbe mfupi tu: "Mwambie Sheikh nimesikia."

Miaka miwili baadaye nilipanda mizani hospitalini. Kilo 138, na urefu wangu ni mita 1.70. Daktari alifanya hesabu yao ya kugawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa urefu, akapata karibu 48. Kuanzia 30 tayari ni unene wa kupindukia. Nilikuwa na kisukari na presha. Nikipanda kilima cha Kihesa kwa miguu, nasimama mara tatu. Bajaji nyingine zilikuwa hazinisimamii. Kilichonivunja hasa ni sijda. Nilikuwa nikisujudu, kuinuka ni mtihani, na maamuma wanasubiri. Nikawa namwachia naibu wangu aswalishe, nawaambia ninyi kwamba baridi ya Iringa imeniingia magotini. Haikuwa baridi.

Msidhani sikujaribu. Niliacha sukari, niliacha wali wa usiku, nilitembea. Nikapungua kilo 15, zikarudi 20. Daktari akanieleza jambo ambalo sikulijua: mwili ukipungua, homoni ya njaa inapanda na mwili unatumia chakula kidogo kuliko kawaida, kana kwamba unapigania kurudi pale ulipokuwa. Kuna wanaoshinda vita hiyo kwa mazoezi na kujizuia, Allah awazidishie. Mimi nilishindwa.

Siku hizi matibabu haya si habari ngeni nchini kwetu. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza mwishoni mwa mwaka 2022 kuwawekea watu puto tumboni ili washibe mapema, na upasuaji ukafuata mwaka 2023. Puto huingizwa kwa mdomo na baadaye hutolewa. Upasuaji nilioshauriwa mimi ni wa kudumu: sehemu kubwa ya tumbo, zaidi ya robo tatu, inakatwa na kutolewa, inabaki kama bomba jembamba. Na sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi ile homoni ya njaa.

Nilikaa na jambo hili miezi mitano. Nilijiuliza: je, huku si kubadilisha maumbile ya Allah? Nikarudi kwenye vitabu. Wanazuoni wametenganisha kati ya kubadilisha umbo kwa ajili ya pambo tu na kuondoa madhara. Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, aliwaruhusu, akawafundisha kuwa kila ugonjwa Allah ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Urwa bin Zubayr, miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa Madina, alikatwa mguu uliooza ili apone, wala hakuna aliyesema amekosa tawakkul.

Nikajiuliza tena: je, si uvivu? Hili lilinisumbua zaidi, maana ndilo nililokuwa nikiwatuhumu wengine. Nilifikia hivi: mwenye macho mabovu akivaa miwani hatumwambii ajitahidi kuona. Sababu halali ikiwepo, kuikataa kwa ajili ya heshima yangu mbele ya watu ni kiburi tu. Niliuza shamba langu dogo la miti kule Kilolo, nikaenda Dar es Salaam.

Kupona kwake si kama watu wanavyodhani, eti unaingia mnene unatoka mwembamba. Saa chache baada ya kuamka unaambiwa utembee ili damu isigande. Maji unakunywa kwa kikombe kidogo kama cha kahawa, tena kidogo kidogo, ukizidisha unatapika. Wiki mbili vimiminika tu, kisha vyakula vya kupondwa, kisha vilaini. Vitamini nitameza maisha yangu yote. Siku ya kumi jirani wa ndugu yangu alipika pilau. Harufu ilipita dirishani, na mimi, mtu mzima, imamu, nikalia. Tumbo halikuwa na njaa hata kidogo. Hapo nikaelewa kwamba daktari alikata tumbo, nafsi ameiacha nzima.

Ikaja Ramadhani, nina miezi minne tangu nipasuliwe. Daktari akanikataza kufunga. Ruhusa ipo wazi, aya ya 184 na 185 za Suratul Baqara, mimi ndiye nawafundisha kila mwaka. Lakini niliona haya. Nilikuwa nikijifungia chumba cha nyuma cha madrasa kunywa uji. Siku moja mtoto wa darasa la tatu akafungua mlango. "Ustadh, hujafunga?" Nikamwambia, "Nameza dawa tu." Ndugu zangu, kula mchana siku ile Allah ameniruhusu. Kumdanganya mtoto hakuniruhusu. Mwaka uliofuata nilifunga, kisha baridi ya Juni ilipoingia nikaanza kulipa siku zangu 30.

Sasa nimjibu ndugu yangu. Ni kweli, njaa yangu si kama yako. Kiu ipo, uchovu upo, lakini lile tumbo la kunguruma saa tisa alasiri ninalo kwa mbali sana. Nakuuliza nawe: zamani nilipokuwa nasikia njaa hiyo, nilikuwa nafanya nini ikifika Magharibi? Nilikula mihogo, chapati, tambi, kisha daku kama ya watu wawili. Njaa ya mchana nilikuwa nayo kamili, na usiku nilikuwa nalipiza kisasi. Kama saumu ingekuwa njaa tu, wa kwanza peponi angekuwa mwenye kukosa chakula hata kama hakunuia lolote. Saumu ni nia na kujizuia kwa ajili ya Allah, na malipo yake Yeye ameyaweka kwake. Kuna mzee asiye na hamu ya kula, kuna kijana anayezirai kwa njaa. Sisi hatujapewa kazi ya kuwapimia thawabu. Yangu sina hakika nayo, namwomba Allah aikubali.

Mnamkumbuka Abdullah bin Mas'ud? Alipanda mti kukata miswaki, upepo ukafunua miundi yake, masahaba wakacheka kwa jinsi ilivyokuwa myembamba. Mtume (s.a.w.) akawaambia kuwa miundi ile katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Huyu walimcheka kwa wembamba, sisi tunacheka unene.

Mwezi wa Shaaban nilikwenda na mke wangu kwa yule mama kumwomba radhi. Alitukaribisha chai. Akasema, "Nimekusamehe, Sheikh. Lakini wale waliocheka siku ile, wao umewaambia?"

Ndiyo maana nimeandika. Mliocheka mnajijua, na mimi ndiye niliyewachekesha. Leo kabla ya Magharibi, kama kuna mtu ulimtania kwa mwili wake, mpigie simu umtake radhi. Kwenye futari, mtu akisema ameshiba, mwache, usimwambie anakudharau. Na wewe mwenye kisukari, mwenye puto au uliyepasuliwa, muulize daktari kabla hujafunga, akikukataza usijifiche chumba cha nyuma kama mimi.

Ewe Mola, tusamehe ndimi zetu, waponye wagonjwa wetu, zikubali saumu zetu, na uzijaalie nzito mizani zetu siku tutakapohitaji. Aamiin.

Darsa la leo ni baada ya Alasiri kama kawaida. Akina mama, nafasi nyuma ya pazia ipo. Karibuni sana.

Wallaahu a'lam.