Mgonjwa Anayelisha Paka wa Jalalani

Swali la juma hili halikutoka mimbarini. Lilitoka katika ushirika wa nyumbani, baada ya chai, wakati watu walikuwa wameanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Ndugu mmoja aliuliza: mtu ambaye mwili wake mwenyewe unamshinda, ambaye kuna siku anahitaji kusaidiwa hata kufunga vifungo vya nguo, ni sawa kweli atumie nguvu na pesa alizobakisha kuokota paka wa barabarani? Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu dada tunayemzungumzia ni wetu, na mfuko wa upendo umemsaidia kununua dawa zaidi ya mara moja. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike, bora nisitaje jina.

Dada huyu ana baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwili huo huo. Wengi wetu tunadhani ni ugonjwa wa wazee, au wa kulala kwenye sakafu baridi. Sivyo. Humpata hata kijana, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Asubuhi vidole vinakuwa vimekaza kama vimefungwa kamba, na inaweza kupita saa nzima au zaidi kabla vilegee. Kuna juma zuri na juma baya, na mgonjwa hajui ni lipi linakuja. Kitu kinachomchosha zaidi, anavyosema, si hata maumivu. Ni ule uchovu ambao usingizi hauuondoi. Kwa hivyo ukimwona Jumapili amevaa vizuri na anaimba, usidhani umemwona Jumanne.

Na Jumanne hiyo hiyo anashuka ngazi za ploti polepole, ameshika ukuta, na mkononi ana sufuria ndogo ya ugali uliovurugwa na omena. Nyuma ya soko kuna paka tisa. Wengine walizaliwa pale pale jalalani na hawajawahi kuguswa na mkono wa mtu. Wengine ni wa kutupwa: mtu alihama nyumba akabeba kochi, akabeba televisheni, akabeba hata pazia, paka akaachwa mlangoni akilia.

Sasa, hoja ya kwanza tunaijua. Pesa hizo zingesaidia maskini. Hoja hii ina historia yake. Someni Yohana 12, pale marhamu ya thamani ilipomwagwa na Yuda akaanza kupiga hesabu. Sisemi anayeuliza ni Yuda. Katika Marko 14 wengine pia walinung'unika, na hakuna anayeambiwa kwamba maskini hawana maana. Lakini angalieni tunamuuliza nani swali hili. Kijana akinunua jezi ya timu ya Uingereza, hakuna mzee wa kanisa anayemuuliza habari za mayatima. Bibi harusi akikodi magari sita, tunapiga vigelegele. Ila mgonjwa akinunua omena ya paka, hapo ndipo sote tunakuwa wahasibu. Kwani mtu akisaidiwa dawa, na huruma yake pia inakuwa mali ya kamati?

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini kidogo: ati paka ni mnyama wa mambo ya giza, hasa akiwa mweusi. Hii niipite haraka. Macho ya paka hung'aa usiku kwa sababu nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga, kama ule mkanda unaong'aa kwenye koti la mwendesha bodaboda. Ng'ombe wako pia ana utando kama huo, na hujawahi kumkemea. Na wale wanaosema paka wa nyumbani hatajwi katika vitabu 66 vya Biblia, ni kweli. Viazi pia havitajwi, na tunavila.

Wanyama wengine wanatajwa, tena kwa namna ambayo inafaa kutusumbua. Kutoka 23 inaagiza kwamba ukimkuta punda wa adui yako amelala chini ya mzigo, usipite, msaidie. Punda wa adui! Kitabu cha Yona kinaishia kwa swali la Mungu mwenyewe kuhusu Ninawi, na baada ya kuhesabu watu, neno la mwisho kabisa ni la wanyama wengi waliokuwamo. Lakini mahali ninaporudi mara nyingi ni 2 Samweli 12. Nabii Nathani anamwendea Daudi na hadithi ya maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja tu. Mnyama huyo alikula katika chakula cha maskini yule, akanywa kikombeni mwake, akalala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Tumezoea kukimbilia sehemu ya Daudi na dhambi yake. Hebu tusimame kidogo hapo mwanzoni. Mtu hana kitu, na bado anagawa tonge na mnyama. Nathani hamcheki. Hamwambii apange vipaumbele. Hadithi nzima inategemea kwamba msikilizaji ataona upendo ule ni wa haki, na kuuvunja ni ukatili.

Kwa hivyo, kama swali ni kwamba mnyonge ana ruhusa ya kumhurumia aliye mnyonge zaidi, mimi naona limejibiwa. Mtu hahitaji kupona kwanza ndipo awe na kitu cha kutoa.

Tena kuna jambo ambalo wenye afya hawalioni. Mgonjwa wa muda mrefu anaishi miaka akiwa upande wa kupokea. Analetewa uji, anaombewa, anaulizwa hali, anabebewa mkoba. Yote ni mema, lakini baada ya muda mtu anaanza kujiona kama kibakuli. Florence Nightingale, yule mwuguzi Mwingereza aliyehudumia askari katika vita vya Krimea, alirudi nyumbani mwaka 1856 akiwa na ugonjwa ambao haukumwacha kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya kazi yake ya kubadilisha hospitali aliifanya akiwa chumbani London, mara nyingi kitandani, na paka wamemzunguka. Mmoja alimwita Bismarck, na kuna barua zake zilizobaki na alama za nyayo za paka kwenye wino. Katika kitabu chake cha uuguzi alishauri kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mwema kwa mgonjwa, hasa yule wa muda mrefu. Huyo hakuwa mtu wa kupoteza wakati. Alikufa mwaka 1910 akiwa na miaka 90.

Dada yetu aliniambia kwa lugha yake: "Paka hajui kama mimi ni mgonjwa. Anajua tu nimekuja au sijakuja."

Lakini ukweli usemwe, si kila huruma inafanya kazi nzuri, na hapa yule ndugu wa ushirika alikuwa na sehemu ya haki yake. Ukiwalisha paka na usifanye kingine, unaongeza taabu. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu. Anaibeba kwa wiki tisa hivi, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Chakula kikiwa cha uhakika, paka tisa wa mwaka huu watakuwa umati mwaka ujao, na watoto wengi watakufa kwa mafua, njaa na magurudumu. Wanaoifanya kazi hii kwa akili huwanasa kwa mtego wa kisanduku, wanawapeleka kwa daktari wa mifugo, madume yanahasiwa na majike yanafungwa kizazi, kisha wanarudishwa pale pale walipozoea. Ncha ya sikio moja hukatwa kidogo wakiwa usingizini, ili asinaswe tena bure. Paka mkubwa aliyezaliwa jalalani kwa kawaida hatakubali kukaa kwenye kochi lako. Kumfungia ndani ni kumtesa. Wadogo wa wiki chache wanaweza kuzoea watu. Ni gharama, ndiyo, lakini kumhasi paka mmoja kunaweza kuwa huruma kubwa kuliko kulisha kumi. Nairobi, kule Karen, kuna chama cha KSPCA ambacho kimefanya kazi ya wanyama kwa zaidi ya miaka mia moja. Wanaokaa karibu wanaweza kuulizia huko, na walio mbali waanze na daktari wa mifugo wa eneo.

Halafu kuna mwili wa mwokoaji. Dawa nyingi za baridi yabisi hufanya kazi kwa kutuliza kinga ya mwili, na kinga ikitulizwa, mkwaruzo mdogo unaweza kuwa kidonda cha kulazwa. Meno ya paka ni membamba kama sindano. Yanapeleka vijidudu ndani kabisa na juu pakafunga kama hapana kitu. Akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na uende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukibeba. Mchanga wa choo chake uzolewe kila siku, na uzolewe na mtu mwingine, si yule ambaye kinga yake iko chini, wala mama mjamzito. Kuna kijidudu katika kinyesi cha paka ambacho huchukua siku moja au zaidi kabla kiweze kuambukiza, ndiyo maana kuchelewa ni hatari. Na mkiona paka mgonjwa, tafadhali msimpe ile dawa yenu ya maumivu ya kichwa. Parasetamoli humuua paka.

Je, mtu anayejua haya yote na bado anaenda, anamjaribu Mungu? Nimelifikiria. Mwili si mali ya kutapanya, hata kwa jambo jema. Yethro alipomwona Musa akiamua kesi za watu kutoka asubuhi hadi jioni, hakumsifu kwa kujitoa. Alimwambia wazi kwamba atachakaa, yeye na watu wake. Na Eliya alipochoka hadi kutaka kufa, malaika hakuja na mahubiri. Alikuja na mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Kwa hivyo siku ambayo vidole havifunguki, kulala ni utii pia. Paka watakosa mlo mmoja. Watalia. Hilo ni gumu kwa mtu mwenye moyo laini, lakini yeye hakuwaumba na hakuwatupa.

Swali gumu zaidi ni la paka wa kumi. Tisa anawaweza, kwa shida. Jioni moja mtu anaacha katoni mbele ya mlango wake, kwa sababu mtaa mzima unajua "yule mama wa paka" atachukua. Akikataa, amekosa huruma? Mimi nasema hapana, na nasema hivyo nikijua kwamba kilicho ndani ya katoni kinapumua. Ahadi aliyowapa tisa ni ahadi. Akichukua kila anayekuja, siku moja atakuwa na nyumba ya wagonjwa ishirini na mlezi mmoja hoi, na hapo hata wale wa kwanza atakuwa amewasaliti. Wako watu wamefika huko, wakiwa na nia njema kabisa. Anaweza kumwambia mleta katoni aingie, aketi, na washike simu pamoja watafute daktari. Ila mzigo haujawa wake kwa sababu tu umewekwa mlangoni pake.

Na hapo ndipo naona tulimuuliza mtu asiye swali hilo. Tulikaa jioni nzima tukipima kama mgonjwa anafaa kuokota, na hatukuuliza nani alitupa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inahesabu kumtelekeza mnyama wako mahali atakapoteseka kuwa ni ukatili. Mtupaji ni mtu kama wewe na mimi. Ana gunia, ana mlango wa nyuma, na anajiambia kwamba Mungu atawalisha. Pengine Mungu huwalisha kweli, kwa mkono wa mtu ambaye mkono wenyewe haukunji.

Tulizungumza naye tena wiki mbili zilizopita, safari hii yeye akiwepo. Vijana wawili wamechukua Jumanne na Alhamisi. Mama wa bucha atakuwa anaweka mabaki ya matumbo kando, na mtego tutaazima. Yeye hakuuliza habari za chakula. Aliuliza atakapolazwa, maana anajua siku itafika, nani atajua kwamba yule wa kijivu hali akiangaliwa, na ni lazima mtu aweke sahani kisha ageuke upande mwingine. Mpaka tunapiga chapa toleo hili, nafasi ya Jumapili alasiri bado haina mtu.