Kusikia Njaa

Kwa Kiswahili njaa inasikika. Tunasema nasikia njaa, nasikia kiu, nasikia baridi. Hata harufu ya mkate wa kumimina ukiiva jikoni tunaisikia. Miaka yote niliyougua maradhi ya ulaji sikuwahi kulitafakari neno hilo. Nilikuwa na macho tu.

Sitataja kilo zangu, wala nilikuwa nakula kiasi gani. Mtu aliye katika hali ile akikutana na tarakimu huziokota, akaenda kujipima nazo. Najua, maana nami nilikuwa naziokota.

Swali linalonisumbua ni hili: mwili wangu anaujua nani? Mwaka 1935 Paul Schilder, daktari wa akili wa kutoka Vienna, alichapisha kitabu kizima kuhusu picha ya mwili, ile sura ya mwili wake ambayo mtu huibeba akilini. Anayepona maradhi haya huambiwa mara nyingi aikarabati picha hiyo: simama mbele ya kioo, jiambie kwamba u mzuri. Nilifanya hivyo kila asubuhi mbele ya mlango wa kabati, kanga kifuani. Mdomo ulisifu, macho yakaendelea kukagua, kuanzia mikono, yakashuka tumboni, yakaganda hapo. Baada ya wiki kadhaa niliacha. Kuisifu picha nako ni kuitazama. Hukumu imebadilika, lakini mshtakiwa bado amesimama kizimbani, na kesho ataitwa tena.

Wapo wanaosema maradhi haya si ya kwetu, kwa kuwa kwetu mwili ulionawiri ni heshima. Nimekulia Tanga, najua ukipungua kidogo unaulizwa nani anakutesa. Lakini Fiji nako walisifu miili iliyojaa. Televisheni ilipofika mkoa wa Nadroga mwaka 1995, mtafiti Anne Becker na wenzake waliwahoji wasichana wa shule, na hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Waliporudi mwaka 1998 na kuwahoji wasichana wa umri uleule, waliosema hivyo walikuwa asilimia 11.3. Sioni ajabu. Sifa ya unene na sifa ya wembamba zote hutoka machoni pa watu, na aliyezoea kupokea thamani yake kutoka machoni pa watu ataifuata popote itakapohamia.

Mwezi wa tatu wa kupona kwangu alikuja mama mdogo. Aliniona mlangoni, akaweka kikapu chini. "Mashallah, mwanangu, umenenepa! Mashavu yamerudi." Alikuwa anamshukuru Mungu, machozi yakimlengalenga. Usiku ule sikula. Simlaumu hata kidogo. Alinipa neno zuri kuliko yote aliyokuwa nayo.

Ilinisaidia sana kujua habari za wanaume 36 wa Minnesota, Marekani. Mwishoni mwa 1944 vijana hao, waliokataa kupigana vita kwa sababu ya imani na dhamiri zao, walijitolea kupunguziwa chakula chini ya uchunguzi wa mtafiti Ancel Keys, ili ijulikane jinsi ya kuwalisha watu waliokumbwa na njaa ya vita. Hawakuwa na haja na wembamba. Ila walipoanza kulishwa upya mwaka 1945, mafuta yalirudi kabla ya misuli, na baadhi yao wakaanza kulalamika kwamba wananenepa, hasa tumboni na makalioni. Niliposoma hayo niliweka mkono juu ya tumbo langu, lile nililolichukia kuliko yote, nikaelewa kwamba lilikuwa linafanya linalofanywa na tumbo lililoogopa njaa.

Mwaka huohuo wa 1945, huko Paris, mwanafalsafa Maurice Merleau-Ponty alichapisha hoja kwamba mwili wangu si kitu kilichowekwa mbele yangu kama meza. Kwa huo ndio naifikia meza, na watu, na dunia yote. Naikubali hoja hiyo, lakini naiongezea jambo moja ambalo wagonjwa wanalijua. Kuuacha ukaguzi wa macho hakutoshi, kwa sababu sikio nalo limeharibika. Wapo kati ya wale wa Minnesota waliokula hadi tumbo likajaa, bado wakasikia njaa. Mimi ilikuwa kinyume: nilikaa kutwa nzima nisisikie chochote. Angeniambia mtu "usikilize mwili wako", ningesikiliza kimya, nikakitii kimya hicho.

Mshauri wangu wa lishe hakuniambia hivyo. Aliniambia nile kwa saa: milo mitatu, na vitafunio katikati, nisikae zaidi ya saa nne bila kutia kitu mdomoni, nisikie njaa nisisikie. Saa ya ukutani ikawa sikio la kuazima. Niliona aibu, mtu mzima kulishwa na saa. Sasa naona ilikuwa adabu ya aina yake, kama unavyoendelea kumwamkia mzee uliyemkosea, asubuhi hata asubuhi, kabla hajakuitika.

Aliitika siku ya kawaida kabisa. Nilikuwa kwenye foleni ya kulipia umeme, nikasikia kitu chini ya mbavu, kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa staha. Nilitoka kwenye foleni nikanunua andazi, nikalila nimesimama juani.

Juzi nilikwenda kushona gauni la harusi ya binamu yangu. Kwa fundi cherehani ndiko nilikokuogopa kuliko hospitali, kwa sababu ya ile futi, na kijana wa kuandika anayetajiwa vipimo kwa sauti. Fundi ni mzee. Nilimwamkia, nikamwomba asivitaje, akaviandika mwenyewe. Niliporudi kujaribu, kioo chake kilikuwa kimefunikwa na vitambaa vya wateja, nami sikuomba vitolewe.

"Inua mikono, mwanangu. Kaa. Inama kidogo. Unaisikiaje?"

Nilifumba macho, nikasikiliza.

"Kwapani inabana, fundi. Kushoto."

Akachukua chaki, akatia alama.