Mwimbaji na Maneno Asiyoyatunga

Mwimbaji huazima maneno ya mtunzi. Je, huazima pia dhima yake?

Swali hili lilinijia Moshono, pembezoni mwa mji wa Arusha, ambako migomba inazidi kuwapisha wajenzi wa nyumba. Jioni moja niliketi nyuma ya kwaya iliyokuwa ikijizoeza wimbo wa kumshukuru mfadhili aliyewanunulia spika. Ubeti wa kwanza ulimtukuza Mungu, na sauti ya nne ikavuma chini yake kama bahari ya kusi. Ubeti wa pili ulimsifu mfadhili kwa uadilifu wake. Hapo mzee mmoja wa besi akafumba mdomo.

"Mzee, mbona besi imekatika?" akauliza mwalimu.

"Nota nimeziona, mwalimu," akajibu kwa upole. "Maneno ndiyo yamenikwama."

Waliokuwapo walielewa. Mfadhili yule alikuwa ameng'oa masale, mimea ipandwayo kuwa alama ya mpaka, katika shamba la mjane. Mzee mwenyewe alishuhudia masale hayo yakipandwa.

Sisi wa pwani tumezoea kumtenga mtunzi na mghani. Shairi hutungwa Pemba, likaghaniwa Unguja na mtu asiyepata kumwona aliyelitunga. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa; lakini mdomo uliokopeshwa huponza kichwa cha nani?

Katika opera, tamthilia ambayo wahusika wake huimba badala ya kusema, jibu laonekana jepesi. Baritoni, sauti iliyo baina ya teno na besi, aghalabu hupewa nafasi ya baba, mfalme au hasidi. Katika Otello ya Verdi, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Milan mwaka 1887, baritoni huimba nafasi ya Iago, mzushi aivunjaye nyumba ya mwenziwe. Hakuna amlaumuye mwimbaji. Kila aliyeketi ukumbini ajua kwamba uovu ule ni wa Iago.

Hata hivyo, yuko mtu mwenye sauti ya namna hiyo ambaye maisha yake yanatuzuia kuridhika upesi. Paul Robeson, mwana wa mchungaji aliyetoroka utumwani, alizaliwa Princeton, Marekani, mwaka 1898. Alisomea sheria, akaiacha, akawa mwimbaji wa matamasha na mwigizaji. Sauti yake, baritoni iliyozama hadi kwenye besi, ilijaza kumbi za London na New York. Katika miaka ya 1930 alijifunza lugha za Kiafrika huko London, Kiswahili kikiwamo, kwa kuwa alitaka kuijua asili yake.

Kwa shauku hiyo hiyo alikubali kuigiza na kuimba katika filamu ya Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935. Miongoni mwa waliojaza umati katika picha zake alikuwamo Mkenya aliyekuwa masomoni, Jomo Kenyatta. Robeson alitumaini kwamba dunia ingeuona utamaduni wa Mwafrika. Filamu ilipokamilika, ilikuwa sifa kwa mtawala wa kikoloni, na sauti yake ndiyo iliyoipamba. Aliikana. Hakujitetea kwa kusema kwamba maneno hayakuwa yake.

Hapa ndipo tofauti inapojitokeza. Aimbaye Iago hatuombi tumwamini Iago. Lakini filamu ile ilimwomba mtazamaji aamini kwamba Afrika ndivyo ilivyo, na ubeti wa pili wa Moshono uliwaomba waumini waamini kwamba mwenye dhuluma ni mwadilifu. Mwimbaji wa kwanza ni mwigizaji. Wa pili ni shahidi. Na shahidi, hata asomewe maneno na mwingine, kiapo ni chake.

Robeson alilizingatia somo hilo. Wimbo wa mto uliomletea sifa kubwa, Ol' Man River, aliubadilisha maneno, manung'uniko ya mchovu yakawa azma ya kupigana. Akasema bila woga juu ya ubaguzi na ukoloni, na mwaka 1950 serikali yake ikamnyang'anya pasipoti. Hakurudishiwa hadi 1958. Mwezi Mei 1952, akiwa amezuiwa kuvuka mpaka, alisimama juu ya lori upande wa Marekani akawaimbia maelfu waliokusanyika pande zote mbili, Marekani na Kanada.

Mwaka huo huo, mtu wa Meru alikwenda New York. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walikuwa wameondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Kirilo Japhet akatumwa kuyafikisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Naye alibeba maneno ya wengine. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba sauti yake ilikuwa ya kukodi, kwani maneno aliyopewa aliyajua kuwa kweli kabla hajayatamka.

Basi kosa si kuazima maneno. Kosa ni kuyatolea ushahidi wakati moyo wajua kuwa si kweli. Nasi tutungao tusijifiche nyuma ya waghani wetu: tunapompa mtu ubeti wa sifa, twamwomba atoe sauti yake iwe dhamana ya tuyasemayo, na pengine yeye ndiye jirani wa mjane.

Siku ya kuzindua spika nilirudi. Wimbo uliimbwa wote. Ulipofika ubeti wa pili, mzee alisimama mahali pake, amefumba mdomo. Spika zilikuwa mpya na zenye nguvu, nazo zikautangaza hadi barabarani upungufu wa besi.