Mji Uliolala: Je, Umekufa au Unapumzika?

Liko neno moja ambalo sisi watu wa pwani tumezoea kulisema tutajapo baadhi ya miji yetu. Husema mtu, "Aa, Pangani! Mji ule umelala." Mwingine husema hivyo hivyo juu ya Bagamoyo. Na neno hilo hutamkwa kwa sauti ya huruma, kama atajwavyo mgonjwa aliyekatiwa tamaa na waganga. Zamani palikuwa na majahazi, palikuwa na forodha, palikuwa na matajiri. Leo pana minazi, wavuvi, na wazee barazani. Basi tunatikisa vichwa na kusikitika.

Yafaa tulitazame neno hilo kwa makini. Mji uliopungukiwa na biashara ukabakiwa na utulivu, je, umepata hasara au umepata salama? Na mtu aridhikaye na kidogo, je, ni mwenye kinaa, au ni mvivu aliyeupachika uvivu wake jina zuri? Maswali haya mawili ni ndugu, na kila nyumba ya pwani yenye kijana anayetaka kuondoka hujiuliza moja lao.

Ili tusitazamane wenyewe kwa wenyewe na kuoneana haya, natuende mbali kidogo, kwenye mji mdogo ulioko ukingoni mwa Ghuba ya Mexico, kaskazini-magharibi ya rasi ya Yucatán. Jina lake ni Sisal. Huenda hukupata kuusikia mji huo, walakini kazi ya jina lake umeiona kwa macho yako. Kamba iliyofungia ng'ombe wa jirani yako, gunia lililobebea nafaka, na yale mashamba ya mkonge yanayoonekana ukisafiri njia ya Tanga, yote yana nasaba na mji huo.

Katika karne ya 19 bandari ya Sisal ndiyo iliyokuwa mlango wa Yucatán kuelekea nje. Nyuzi za mimea ya jamii ya mkonge zilizotoka mashamba ya bara zilipakiwa hapo, na wanunuzi wa ng'ambo, walipoona jina la bandari juu ya mizigo, wakaziita nyuzi zenyewe kwa jina hilo. Katika miaka ya 1830 mkonge ulipelekwa Florida kutoka Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka huko Florida ije Afrika ya Mashariki. Safari ilikuwa ndefu, miche mingi ikafa, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yaliyoifanya Tanganyika iuze zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka katika miaka ya 1960. Angalia basi jinsi jambo kubwa linavyoweza kutoka katika mji ambao hata wajukuu wa wakata mkonge hawakupata kuambiwa uko wapi.

Siku za bandari

Sasa tuulize: siku za neema ya mji wa Sisal zilikuwaje? Palikuwa na gati, forodha, maghala, na ngome ya kulinda yote hayo. Meli ziliingia na kutoka. Lau ungalipita hapo mwaka 1860, ungalisema, "Huu ndio mji ulio hai."

Lakini katika bandari hiyo hiyo ilikuwako meli ya moshi ikiitwa La Unión. Wakati huo Yucatán ilikuwa katika vita virefu vilivyoanza mwaka 1847 baina ya Wamaya, ambao ndio wenyeji wa nchi, na wale waliowatawala. Wamaya waliotekwa, na wengine waliodanganywa kwa karatasi za uongo kwamba wanakwenda kupewa kazi na ardhi, walipakiwa melini wakapelekwa Kuba kuuzwa kwenye mashamba ya miwa. Haya yalitendeka ingawa Mexico ilikuwa imekwisha kuupiga marufuku utumwa tangu mwaka 1829. Tarehe 19 Septemba 1861, meli hiyo ikiwa imetoka Sisal kuelekea Kuba, mitungi yake ya mvuke ilipasuka, moto ukawaka, ikazama si mbali na pwani. Mwaka 2017 wapiga mbizi wa idara ya mambo ya kale ya Mexico waliyaona mabaki yake chini ya bahari, na mwaka 2020 ikathibitishwa kuwa ndiyo yenyewe. Katika meli ile wasafiri waliolipa nauli walihesabiwa kuwa abiria, na Wamaya walihesabiwa kuwa shehena.

Ndugu msomaji, wewe uliyezaliwa katika pwani hii huhitaji kufasiriwa habari hiyo. Bagamoyo na Pangani nazo zilikuwa hai kwa namna hiyo. Tunapousikitikia mji kwamba umelala, hatuna budi kukumbuka pia kwamba ulipokuwa macho, wako watu ambao hawakupata usingizi kwa sababu yake.

Siku za utulivu

Mwaka 1871 forodha ilihamishiwa Progreso, bandari mpya iliyokuwa karibu zaidi na jiji la Mérida. Meli zikahama, matajiri wakazifuata, na Sisal ikabaki na bahari yake. Hapa tuwe waadilifu: mji huo haukutubu wala haukuchagua utulivu. Utulivu uliletwa na amri ya serikali na hesabu za wafanya biashara. Na huko bara mashamba ya mkonge yaliendelea kuwabana vibarua kwa madeni wasiyoweza kuyalipa kwa miaka mingi baadaye. Basi tusidai kwamba kila palipo kimya pana haki. Tunalotaka kulitazama ni hili: watu waliobaki walifanya nini na hicho kilichobaki?

Wanavua. Wengi wao huishi kwa bahari, na riziki yao kubwa ni pweza. Msimu wake huanza tarehe 1 Agosti na kwisha tarehe 15 Desemba. Nje ya siku hizo ni marufuku kumvua. Namna yao ya kuvua ingekupendeza. Mashua huachwa ichukuliwe na upepo na mkondo, imetandaza mianzi miwili mirefu, mmoja omoni na mmoja tezini. Kwenye mianzi hiyo hutundikwa mishipi, na mwisho wa kila mshipi hufungwa kaa, bila ndoana. Pweza humkumbatia kaa, akakataa kumwachia, naye mvuvi huvuta taratibu mpaka pweza na windo lake wote wawe mashuani. Hakunaswa na chuma cho chote. Amenaswa na mikono yake mwenyewe.

Zikija pepo za kaskazi za kule, wakati wa baridi, bandari hufungwa na hakuna atokaye. Wavuvi hushona nyavu, hupaka mashua rangi, na kungoja. Jua likiwa kali mchana, watu huingia ndani wakalala katika vitanda vya wavu vinavyotundikwa kwa kulabu baina ya kuta mbili. Nyumba nyingi za Yucatán zina kulabu hizo ukutani. Chakula ni samaki aliyepakwa zingefuri na maji ya machungwa makali, akafunikwa jani la mgomba na kubanikwa, pamoja na mikate myembamba ya mahindi. Nyuma ya mji iko mikoko na maji ya chumvi ambamo heroe hutembea kwa miguu yao mirefu. Jioni watu hutoka wakakaa kwenye uwanja wa katikati ya mji au juu ya gati la zamani, kutazama jua likizama, nao hawana la kuharakia.

Iko desturi moja ya nchi ile ambayo napenda uitie moyoni. Mtu akipita penye watu wanaokula, hata asiowajua, huwaambia neno moja, provecho, yaani chakula hicho na kiwanufaishe. Kisha huenda zake. Kwetu mlaji ndiye aanzaye kusema "karibu", na mpita njia hujibu "starehe". Wao na sisi tumetenganishwa na bahari mbili, walakini tumefikia adabu moja: usipite penye furaha ya mwenzio kama jiwe.

Maana ya starehe

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali letu, nalo limo katika neno letu wenyewe. Tunaposema "starehe" kumwambia aliyeketi, tunamaanisha: kaa ulivyo, usisumbuke kwa ajili yangu. Basi katika lugha yetu starehe ni kitu ambacho mtu humpa mwenziwe. Leo tumeigeuza. Tukisema fulani anapenda starehe, tunakusudia anasa, yaani vile anavyojichukulia mwenyewe, mara nyingi kwa gharama ya mke, watoto, au wanaomdai.

Kwa hiyo mizani ya kupimia raha si ukubwa wake wala udogo wake. Mizani ni kuuliza: nani ameilipia? Utajiri wa bandari ulilipiwa na Mmaya aliyehesabiwa shehena. Upepo wa jioni juu ya gati haukulipiwa na mtu. Akija wa pili kuketi, wa kwanza hapungukiwi. Pengine huongezewa, maana amepata wa kuzungumza naye. Raha ya namna hii haiwezi kuitwa ndogo. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na chungu hakosei akiiita bahari, maadamu hakumnyang'anya chungu mwingine.

Lakini utapinga, ndugu msomaji, nami nakupa haki ya kupinga. Utasema: "Ni rahisi kuisifu kinaa ya mvuvi wa Mexico ukiwa umekaa penye kivuli. Mtoto wake akiugua usiku, utulivu utamtibu? Kimbunga kikiivunja mashua yake, kama Isidoro kilivyoipiga pwani ile mwaka 2002, jua la jioni litamnunulia mashua nyingine?" Pingamizi hilo ni la kweli. Wako watu, nao hawapungui, ambao huhubiri kinaa kwa maskini ili maskini wasiulize ziko wapi dawa, na iko wapi barabara, na bei ya samaki huliwa na nani kabla ya kumfikia mvuvi. Hiyo si kinaa. Ni dhulma iliyovishwa kanzu.

Kinaa ni vazi analojivika mtu mwenyewe. Humvishi mwenzio kwa nguvu. Naweza kuiambia nafsi yangu, "Kinakutosha hiki." Siwezi kumwambia jirani yangu mwenye njaa maneno hayo hayo na nikabaki mtu wa insafu. Nafsi yangu niiambie "basi", na jirani nimwulize "umepungukiwa na nini?" Anayeyageuza, akajiuliza mwenyewe amepungukiwa na nini na kumwambia jirani "basi", huyo ndiye bahili.

Wala kinaa si uvivu. Mvuvi anayesimamisha uvuvi wa pweza katikati ya Desemba, na hali ajua pweza wamo baharini na wanunuzi wako tayari, amefanya kazi ngumu kuliko kuvua. Amejizuia. Mvivu huacha asichokiweza. Mwenye kinaa huacha anachokiweza. Hiyo ndiyo tofauti baina yao, na kila mtu huijua katika moyo wake, hata kama ulimi wake hausemi.

Fitina ya sasa

Mwaka 2020 serikali ya Mexico iliitia Sisal katika orodha ya miji yake ya kupendeza watalii. Tangazo kama hilo huleta wageni na fedha, na fedha huhitajika. Lakini utulivu ni bidhaa ya ajabu: wanunuzi wakizidi, huondoka. Anayekuja kununua kiwanja ili apate kimya, na mwingine pembeni yake, na mwingine, mwishowe hununua kelele zao wenyewe kwa bei kubwa, na mtoto wa mvuvi hana tena mahali pa kuvutia mashua ya baba yake.

Habari hii si ngeni kwetu. Labda wewe usomaye una kiwanja cha urithi karibu na bahari, na amekujia mtu mwenye bahasha. Sikwambii usiuze. Pengine una deni la hospitali au ada ya mtoto, na hapo hakuna wa kukulaumu. Nakwambia tu usiache mbachao kwa msala upitao kabla hujaupiga hesabu ule mbachao wenyewe. Katika hesabu hiyo tia njia ya kuteremkia pwani iliyotumiwa na mtaa mzima. Tia baraza ya marehemu babu yako. Tia lile "karibu" na lile "starehe" yaliyosemwa hapo kila jioni bila malipo. Ukiisha kuyatia yote, ndipo utajua umepewa bei au umepewa mbao za kufungia mlango uliokuwa wazi kwa watu wote.

Na siku utakapousikia tena mji fulani ukisemwa kuwa umelala, usifanye haraka kuhurumia. Nenda ukakae hapo jioni moja. Tazama kama mgonjwa hupata dawa, kama mvuvi hupata haki ya samaki wake, na kama mpita njia husalimiwa. Ukiyakosa mawili ya mwanzo, usimame na watu wa mji huo wayapate. Ukilipata la tatu, basi ujue kwamba mji huo uko macho, na pengine sisi tunaopita mbio ndio tuliolala.